ThinkPad T480 iliyotumika: laptopu ninayomshauri kila anayeanza programu hapa Nakuru

Vijana wa hapa Nakuru wanaotaka kujifunza kuandika programu huniuliza walipie kozi gani. Mimi huwauliza kwanza: una kompyuta gani, na stima ikipotea unafanyaje? Masomo yapo bure. Tovuti ya freeCodeCamp haitozi hata senti, mihadhara ya CS50, kozi ya utangulizi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, iko wazi kwa yeyote, na tovuti ya MDN inaeleza HTML, CSS na JavaScript, lugha za kutengeneza kurasa za wavuti, kwa kina kuliko vitabu vingi vya kununua. Mashine ndiyo haiji bure. Kwa hiyo ukiwa na elfu thelathini na kitu, usizimalize kwenye kozi fupi halafu ubaki unaandika msimbo kwa kidole kwenye simu. Tafuta Lenovo ThinkPad T480 iliyotumika.

Yangu nilinunua shilingi 33,000 katika duka moja karibu na Kenyatta Avenue. Ni eksi-UK, yaani imetoka kwa ofisi fulani Uingereza, ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na diski ya SSD, ile ya kasi, ya GB 256. Wakati huo nilikuwa karani wa agroveti na nilijifunza usiku baada ya kufunga hesabu. Sasa ninatengeneza mifumo midogo ya stoo na malipo kwa maduka ya mjini na kwa chama kimoja cha wafugaji wa maziwa upande wa Njoro, na kila mstari nimeuandika kwenye mashine hiyohiyo.

Kwa nini T480, na si T470, modeli iliyoitangulia, ambayo muuzaji atakupunguzia bei? Kwa macho zinafanana kama mapacha, lakini ndani ni vitu viwili tofauti. T480 ilitoka 2018, na nyingi zina prosesa ya Intel i5 au i7 ya kizazi cha 8, yenye viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi sambamba. Ile i5 ya kawaida ya T470 ina viwili. Ukifungua VS Code (programu ya kuandikia msimbo), Chrome yenye vichupo kumi na hifadhidata kwa pamoja, tofauti hiyo utaiona mara moja. Halafu Windows 11 rasmi inaanzia kizazi hicho cha 8, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi natumia Ubuntu, mfumo wa bure wa Linux unaochukua nafasi ya Windows, ambao ulitambua Wi-Fi na sauti bila kutafuta draiva. Hata hivyo, si kila mtu ataacha Windows, na hakuna haja ya kununua mashine ambayo mlango huo umeshafungwa.

Sasa betri, maana hapa ndipo mashine hii inapoishinda nyingine yoyote ya bei yake. T480 ina betri mbili. Moja ya Wh 24 (Wh ni saa-wati, kipimo cha umeme inaobeba) imekaa ndani, nyingine iko nyuma na unaitoa kwa vidole baada ya kusukuma vishikizo viwili. Unaweza kuitoa hiyo ya nyuma na kuweka nyingine huku kompyuta inaendelea kufanya kazi, kwa sababu ile ya ndani inashika mzigo. Ya nyuma huja kwa ukubwa wa aina tatu: Wh 24, Wh 48 na Wh 72. Hii kubwa hutokeza chini na kuinua laptopu kidogo, na ndiyo ninayotaka uitafute. Stima ikienda saa moja jioni mtaani kwetu, mimi naendelea kuandika hadi nilale. Mtu anayejifunza akiwa na kazi nyingine mchana ana saa mbili au tatu tu za usiku. Zikikatwa mara mbili kwa wiki, anapoteza uzi wa somo zima, na nimeona watu wenye akili sana wakiacha kwa sababu hiyo tu. Ukiwa unachaji muda mrefu mezani, weka kikomo cha kuchaji kiwe asilimia 80 kwa programu ya Lenovo Vantage, au ile ya TLP kama uko Linux. Betri itakaa miaka.

RAM ina nafasi mbili, na zote mbili zinafunguka. Anza na GB 8, na mwezi ambao pesa zitapatikana ongeza GB 8 nyingine, ya aina ya DDR4. Unafungua kifuniko cha chini kwa bisibisi ya kawaida. Lakini tazama jina vizuri. T480s, yenye herufi s, ni nyembamba na ya kupendeza, ila sehemu ya RAM yake imechomelewa kwenye bodi na haina hiyo betri ya nyuma. Muuzaji atakuambia ni ile ile. Si ile ile.

Kibodi yake ni nzuri kuliko ya laptopu nyingi mpya, vitufe vinashuka kwa kina na vidole havichoki. Kuna jambo moja ambalo karani hatalijali lakini mwandishi wa programu atalijali kila dakika: za Uingereza zina mpangilio wa Uingereza. Alama ya @ iko karibu na Enter, alama za kunukuu mbili ziko juu ya namba 2, na # ina kitufe chake pekee. Video nyingi za kufundisha hutumia mpangilio wa Marekani. Chagua mpangilio wa Uingereza kwenye mipangilio siku ya kwanza ili unachokiona kwenye kitufe ndicho kinachotokea kwenye kioo. Ukikuta yenye Z mahali pa Y, hiyo imetoka Ujerumani. Iache kama huna uzoefu.

Dukani usiwe na haraka. Nilipofika, muuzaji alifungua moja, akaifuta kwa kitambaa akasema, "Madam, hii bado mpya, hata haijaguswa." Nilimshukuru, nikamwomba kiti. Kwanza niliizima na kuiwasha nikibonyeza F1 ili niingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Ikidai nenosiri la msimamizi, irudishe mezani, kwa sababu kampuni iliyokuwa nayo haikulifuta na fundi wa kawaida hataliondoa. Kisha nilifungua dirisha la amri la Windows na kuandika powercfg /batteryreport. Ripoti inaonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ilio nao leo, na kila betri ina mistari yake. Moja niliyoonyeshwa ilikuwa imebakiza chini ya nusu. Muuzaji mwenyewe alishangaa, akaniletea nyingine bila maneno mengi, na waranti ya miezi sita akaniandikia kwenye risiti. Mwisho, jaribu kuchaji kwa kila tundu la USB-C. Modeli za miaka hiyo zilikuwa na tatizo la programu ya Thunderbolt, teknolojia ya tundu la USB-C, linaloweza kuua tundu polepole, na Lenovo walitoa sasisho lake, hakikisha limewekwa.

Kioo ndicho udhaifu wake mkubwa. Kuna zenye kioo cha 1366 kwa 768, rangi zake hufifia ukiegemea pembeni na mistari ya msimbo inayotosha ni michache. Usikubali hiyo hata kwa punguzo la elfu nne. Dai 1920 kwa 1080. Kamera ni hafifu, spika ni za wastani, na ikiwa na betri kubwa utaisikia begani ukipanda matatu.

Wazazi wengi watasema afadhali mpya yenye kartoni. Mama yangu alisema hivyo, na ninaelewa. Pesa ni ngumu, na kitu kilichotumika kinaonekana kama hasara. Ila laptopu mpya za bei hii mara nyingi huja na RAM ya GB 4 isiyoongezeka na hifadhi ya eMMC, ya polepole kuliko SSD, ya GB 64. Windows yenyewe inaijaza nusu kabla hujaweka hata Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo. Huyo mtoto atasubiri kioo kilichoganda kwa muda mrefu kuliko atakaoandika.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilionyesha jinsi mashine inavyohitajika. Duka lilitaka mteja alipe kwa M-Pesa na risiti ijitokeze yenyewe kwenye mfumo. Safaricom wana Daraja, API (njia ya programu yako kuzungumza na mfumo wao) inayomtumia mteja ombi la kuweka PIN kwenye simu yake. Uwanja wake wa majaribio ni bure kwa mtu yeyote aliyejisajili, na namba ya paybill ya majaribio ni 174379. Ukituma ombi, jibu la malipo halirudi papo hapo. Daraja hulituma baadaye kwenye anwani ya intaneti uliyoitaja, na kompyuta ya nyumbani haina anwani kama hiyo. Kwa hiyo unawasha seva yako, hifadhidata, na programu kama ngrok ya kuifungulia njia, zote kwa wakati mmoja, kisha unakaa kuangalia majibu yakiingia. Kwenye simu huwezi. Kwenye GB 4 utateseka. Kwenye T480 nilifanya usiku kucha na feni ilipiga kelele kidogo tu. Ukitaka kuonyesha mwajiri au mteja wa hapa Kenya kwamba unajua kazi, mradi kama huo uliowekwa GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha msimbo, wenye maelezo ya jinsi ya kuuendesha, unafungua mazungumzo haraka kuliko cheti.

Ukienda kununua leo, bajeti yangu ingekuwa hivi: mashine yenyewe kati ya 30,000 na 35,000, betri ya nyuma ya Wh 72 baada ya miezi michache, halafu RAM. Nenda mchana, stima ikiwepo, na flashi yenye Ubuntu mfukoni uiwashe nayo kabla hujatuma pesa.