Ringi za Chuma au za Alumini kwa Raleigh ya Gia Tatu
Anayefufua baiskeli ya zamani ya Raleigh Sports, iliyoundwa Nottingham, Uingereza, ikiwa na gia tatu za kampuni ya Sturmey-Archer ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, hukabiliwa mapema na swali la ringi. Za chuma zenye kromu hung'aa na kuhifadhi sura ya asili, lakini zikilowa mipira ya breki huteleza juu yake, na mwendeshaji hubana breki hadi vidole vimuume huku baiskeli ikizidi kuserereka. Za alumini ni nyepesi na husimama upesi zaidi mvuani; kwa baiskeli ya kupandwa kila siku, ningechagua hizo bila kusita. Taabu yake ni kusuka spoki upya, tena gurudumu la nyuma la Kiingereza aghalabu lina matundu 40 ya spoki, na ringi ya alumini ya hesabu hiyo ni adimu.