Nimehamia Monero kwa sababu ya mwenye duka wa Makoroboi

"Kaka, kumbe uko vizuri hivi halafu unajifanya huna!" Ndivyo alivyonipokea mwenye duka mmoja pale Makoroboi, hapa Mwanza, tena mbele ya wateja. Wiki moja nyuma nilikuwa nimemuuzia USDT 60 (sarafu ya kidijitali inayoifuata dola), akanirushia shilingi kwenye simu, tukaagana vizuri. Kumbe jioni ile aliichukua anwani iliyomtumia, yaani namba ya pochi yangu, akaibandika kwenye ukurasa unaoonyesha miamala ya Tron, mtandao ambao USDT zangu zinapitia, akakuta salio langu lote na kila malipo niliyopokea tangu Januari. Kilichofuata ni habari ya nyavu za mdogo wake zilizoibiwa ziwani, na mkopo wa laki tano tu, anarudisha mwezi ukiisha.

Kumlaumu siwezi. Hakuvunja kufuli la mtu. Daftari la miamala ya Tron liko wazi kama lilivyo la Bitcoin tangu 2009, mwenye anwani yako anasoma anachotaka. Ila mimi naishi Kirumba, na Mwanza hii jambo likisemwa Igoma asubuhi, mchana limeshafika Kirumba na chumvi juu. Wateja wangu wa nje nawaandikia maneno ya video zao, wananilipa kwa USDT, na sioni kwa nini kila ninayemuuzia dola ishirini ajue nalipwa kiasi gani.

Nikaanza kuichunguza Monero, sarafu ya kidijitali inayoficha miamala. Sarafu yenyewe ni ya 2014, si ngeni. Ukimpa mtu anwani yako, malipo hayaingii kwenye anwani hiyo: inatengenezwa nyingine ya mara moja tu, kwa hiyo uliyoitoa haionekani popote kwenye daftari. Kiasi nacho kimefichwa tangu 2017. Na pesa inayotoka inachanganywa na nyingine 15 za kuzuga, kwa hiyo anayechungulia anaona 16 na hajui ya kweli ni ipi. Nenda soko la samaki la Mwaloni, shika gunia la dagaa, kisha niambie ni yupi aliyevuliwa Ukerewe.

Pochi, yaani programu ya kuhifadhia sarafu, nilitumia Feather kwenye kompyuta. Inakupa maneno 16 ya siri, niliyaandika kwenye karatasi, sikuyapiga picha. Kero yake ni bando. Ukikaa wiki tatu hujaifungua, lazima ipitie bloku zote (mafungu ya miamala) za siku hizo ikitafuta kilicho chako, maana hakuna mwingine anayeweza kuiambia kipi ni chako. Siku ya kwanza nilidhani imeganda, nikaizima mara mbili. Usiizime. Kapike chai.

Sasa kubadilisha kwenyewe. Binance, soko kubwa la sarafu hizi, waliiondoa Monero Februari 2024, kwa hiyo nilienda kwenye zile huduma za kubadilisha bila kufungua akaunti: unachagua unachotoa na unachotaka, unaweka anwani yako ya Monero, wanakupa anwani ya kutuma USDT. Nikabonyeza kutuma, ikagoma. Nilikuwa na USDT za kutosha lakini TRX sina hata moja, na makato ya Tron yanalipwa kwa TRX, sarafu ya mtandao wenyewe. Kosa la kitoto, lilinipotezea saa nzima kumtafuta wa kuniuzia.

Huduma ya kwanza silitaji jina lake, lakini nina kinyongo nayo. Nilijaribu na dola 20, zikafika vizuri. Nikatuma 150. Kimya. Baada ya saa mbili wakaniambia muamala umeshikiliwa, nipeleke kitambulisho, picha ya uso na ushahidi wa chanzo cha pesa. Kwenye ukurasa wao wa mbele wameandika kwa maandishi makubwa kwamba hawahitaji usajili! Nikapeleka mkataba wa kazi, siku tatu nalala vibaya, mwishowe wakanirudishia USDT zangu pungufu ya makato. Kabla hujatuma hela yako kokote, soma masharti yao hadi chini kabisa, kale kaandishi kadogo.

Ya pili ilinitendea haki. Nilichagua bei iliyofungwa badala ya ile inayoyumba hadi dakika ya mwisho. Ni ghali kidogo, lakini unajua utapata nini. Ndani ya robo saa Monero ilionekana kwenye pochi. Kuitumia bado, lazima zipite bloku 10, kama dakika 20 hivi. Kwa hesabu ya bei ya siku ile, katika 150 nilipoteza kama dola 4.

Msidhani mmekuwa mizimu. Aliyekubadilishia anajua USDT zimetoka wapi na Monero imeenda wapi. Na ukiingiza 150 saa nne, ukatoa 148 saa tano, mtu mwenye akili ataunganisha bila shida. Mimi naacha zikae, natoa kidogo kidogo. Bei nayo inapanda na kushuka, si kama USDT inayoifuata dola, kwa hiyo ada ya mtoto siiweki huko. Tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 lilisema sarafu hizi si fedha halali nchini, kwa hiyo likikukuta tatizo usitegemee wa kukusemea.

Shida kubwa ilikuwa kurudi kwenye shilingi. Mnunuzi wa Monero hapa Mwanza sijampata, wote wanataka USDT. Nikifungua anwani mpya ya Tron inahitaji TRX, na nikiilisha TRX kutoka kwenye anwani ya zamani nimejiunganisha mwenyewe. Njia niliyoizoea ni hii: nakaa dukani kwa mnunuzi, nabadilisha Monero kuwa USDT, na penye anwani ya kupokelea naweka yake. Zinamfikia moja kwa moja kutoka kwenye huduma. Shilingi ananirushia nikiwa nimekaa hapo hapo kwenye kiti chake, siondoki kabla ya meseji kuingia.

Juzi nilimuuzia tena yule wa Makoroboi kwa njia hiyo. Bila shaka aliichungulia anwani iliyomtumia, akakuta ya kampuni, ina miamala maelfu kwa maelfu. Jana kanipigia, siku hizi ananiita bosi. Nyavu za mdogo wake bado hazijapatikana, na mkopo sasa ni milioni mbili.