Tairi Chakavu: Kulikata Lugabire au Kulichanganya na Plastiki?
Nchini Uganda, tairi lililochakaa laweza kukatwa kuwa lugabire, zile ndara ngumu zinazouzwa sokoni, au kusagwa na kuchanganywa na plastiki iliyoyeyushwa, kama ile ya madumu ya maji.

Lugabire huhitaji kisu kikali, misumari na fundi hodari tu. Mpira haubadilishwi, hivyo uimara wake hubaki. Hata hivyo, matairi yenye nyaya nyingi za chuma hukatika kwa taabu, na miguu ya wateja ina kikomo.

Njia ya pili ina mvuto zaidi, na matatizo zaidi. Mpira wa tairi umefungwa kwa salfa, yaani molekuli zake zimeunganishwa nayo, mbinu aliyoigundua Charles Goodyear mwaka 1839, na ndiyo sababu hauyeyuki tena hata pale polithilini, plastiki ya madumu, inapoyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi. Chembe za mpira uliosagwa hukaa ndani ya plastiki bila kushikamana nayo vizuri, na kadiri zinavyokuwa kubwa na nyingi ndivyo bidhaa inavyokatika upesi inapovutwa. Dawa ni kuzisaga laini zaidi, kuvunja baadhi ya vifungo vya salfa, au kuongeza kemikali ya kuunganisha. Yote hayo hudai umeme na fedha, vitu ambavyo karakana ndogo ya Katwe, mtaa wa mafundi jijini Kampala, huvihesabu kwa uangalifu.

Mchanganyiko huo naona unafaa mikeka ya sakafu, si mabomba ya shinikizo; asiye na mashine ya kusaga na abaki na lugabire.