College Football 25: gemu ya vyuo visivyoshuka daraja, na namna tulivyovishusha

EA Sports College Football 25, iliyotoka tarehe 19 Julai 2024, ni gemu ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, mchezo ambao hapa Unguja una wafuasi wachache na ambao mtu aliyezoea soka anaweza kuupita dukani bila kuutupia jicho. Ninaifanyia tathmini kwa sababu moja mahususi. Ligi inayoigizwa humo haina timu inayoshuka daraja, lakini gemu yenyewe imempa mchezaji nyenzo za kuliweka daraja hilo kwa mkono wake, na nyenzo hizo ndizo zilizotufanya mimi na wenzangu wa Kikwajuni tuendelee kuicheza baada ya hamu ya ugeni kwisha.

Mnunuzi aanze kwa kuangalia mashine yake. Gemu hii inachezwa kwenye PlayStation 5 na Xbox Series X na S tu. Haikutengenezwa kwa PS4, ambayo ndiyo bado imejaa katika vyumba vingi vya gemu vya mitaani kwetu. Gemu iliyoitangulia, NCAA Football 14, ilitoka mwaka 2013, na mfululizo ukasimama kutokana na kesi zilizohusu matumizi ya sura za wanafunzi bila malipo. Njia ilifunguka baada ya mwaka 2021, wanafunzi waliporuhusiwa kunufaika na majina yao wenyewe, na waliokubali kuwekwa ndani ya gemu waliahidiwa dola 600 na nakala moja kila mmoja.

Kuhusu uchezaji wenyewe sitakawia. Timu inapewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu inapata nafasi nne nyingine, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Kijana mwenye vidole vyepesi huzoea pedi haraka, na kelele za mashabiki ugenini, hasa kwenye uwanja wa Kyle Field wa chuo cha Texas A&M, zimetengenezwa kwa ustadi wa hali ya juu kiasi kwamba skrini hutikisika na maelekezo ya mchezaji huvurugika.

Utamu uko kwenye sehemu iitwayo Dynasty, ambapo unakuwa kocha wa chuo kimoja hadi misimu 30. Vyuo 134 vimegawanywa katika makundi yanayoitwa konferensi. Kila konferensi ina bingwa wake, na mwisho timu 12 huingia katika mtoano wa kumtafuta bingwa wa nchi. Msomaji anayekumbuka Nane Bora, pale timu za Unguja na za Pemba zilipocheza mbali mbali kisha zikakutana, ataufahamu mfumo huu haraka kuliko Mmarekani atakavyoufahamu msimamo wa ligi yetu. Kinachomshangaza Mzanzibari ni upande wa chini. Anayefuatilia KMKM, Mlandege, JKU au Malindi anajua kwamba wiki za mwisho za Ligi Kuu zina mechi mbili ndani ya mechi moja: wapo wanaotafuta kombe na wapo wanaokimbia mkia, na mara nyingi wanaokimbia mkia ndio wanaocheza kwa moyo zaidi. Katika futiboli ya vyuo vya Marekani mkia hauna adhabu. Kent State ilipoteza mechi zake zote 12 msimu wa 2024, na msimu uliofuata ikaanza katika konferensi ile ile, Mid-American, kana kwamba hakuna lililotokea.

Si kwamba hakuna aliyewahi kuanguka. Temple ilifukuzwa konferensi ya Big East baada ya msimu wa 2004, kwa udhaifu wa timu na uchache wa watazamaji, na Idaho ilishuka ngazi kwa hiari yake mwaka 2018. Hata hivyo hiyo ilikuwa hukumu ya kikao kwa mmoja na uamuzi wa chuo chenyewe kwa mwingine, wala si msimamo wa ligi uliosema. Kupanda nako ni hivyo hivyo: SMU iliingia konferensi ya ACC mwaka 2024 baada ya kukubali kukaa miaka tisa bila mgao wa fedha za televisheni. Chuo kilipanda kwa mfuko, ingawa msimu huo huo kikathibitisha uwezo wake kwa kuingia katika mtoano wa timu 12.

Hapo ndipo gemu inapoupita uhalisia. Kabla ya msimu kuanza, Dynasty inakuruhusu kuhamisha chuo kutoka konferensi moja kwenda nyingine. Sisi tulizioanisha konferensi mbili, SEC, yenye vyuo 16, na Sun Belt, yenye vyuo 14, kwa kuwa zote zina mizizi katika majimbo ya kusini. Tukakubaliana kwamba wawili wa mwisho SEC watashuka na wawili wa kwanza Sun Belt watapanda, tukachukua chuo cha Sun Belt na kukiongoza kwa kupokezana pedi. Tofauti ilionekana mara moja. Mechi ya Novemba baina ya timu mbili dhaifu za SEC, ambayo awali tungeiruka bila kuitazama, ikawa inafuatiliwa na chumba kizima, na mmoja wetu akapewa kazi ya kuandika msimamo kwenye daftari.

Zaidi ya hayo, kushuka kuna gharama ndani ya gemu, jambo ambalo sikulitarajia. Kijana wa skuli ya sekondari anayechagua chuo hupima mambo kadhaa, kama nafasi ya kucheza, umbali kutoka nyumbani na mazingira ya uwanja, na miongoni mwa mambo hayo imo hadhi ya konferensi. Chuo kilichoshushwa kinabeba hadhi ya mahali kilipoangukia, na kilichopanda kinaanza kusikilizwa na vijana ambao jana hawakukijibu. Watengenezaji hawakuiweka hesabu hiyo kwa ajili ya daraja, lakini inalifaa daraja kama iliyokusudiwa.

Kasoro zipo, na baadhi ni kubwa. Gemu haina mechi ya mchujo baina ya wa kushuka na wa kupanda. Kila kitu unakifanya mwenyewe, na ukisahau kuhamisha timu kabla ya msimu kuanza, daraja lako limekufa kwa mwaka mzima. Makocha wa kompyuta hawajui kwamba wako hatarini, hivyo huwezi kutarajia wacheze kwa hofu. Pia ukiishusha Auburn, pambano lake na Alabama, lililoanza mwaka 1893, linatoka katika ratiba ya konferensi, na ukilitaka inabidi ulipange kama mechi ya nje ya konferensi. Mtu aliyewahi kuona watani wakitenganishwa na daraja ataona hiyo ndiyo haki yenyewe. Mimi niliona hasara.

Lipo pia swali ambalo gemu ilitulazimisha kulijadili hadi usiku. Vanderbilt, mmoja wa waasisi wa SEC mwaka 1932, ilipoteza mechi zake zote nane za konferensi msimu wa 2023. Kwa kanuni yetu ingeshuka bila mjadala. Lakini tarehe 5 Oktoba 2024 chuo hicho hicho kiliifunga Alabama, iliyokuwa inaongoza orodha ya nchi nzima, 40 kwa 35. Mwenzetu mmoja anaishikilia mechi hiyo kama hoja ya kuacha mambo yalivyo. Kwangu mimi ni hoja ya kupandisha haraka, kwa sababu timu yenye uwezo huo ingerudi baada ya msimu mmoja, tena ikiwa na njaa zaidi.

Dynasty ya mtandaoni inachukua hadi watu 32, lakini kila mmoja anahitaji mashine na nakala yake, pamoja na intaneti isiyoyumba; kwa vijana wa mtaa mmoja, kupokezana pedi kunatosha. Bei yake ya awali ilikuwa dola 70, ambayo kwa mtu mmoja ni nzito na kwa watu wanaochangishana inabebeka. Toleo la 26 lilitoka Julai 2025 likiwa na vyuo 136, baada ya Delaware na Missouri State kuongezwa. Anayetaka vikosi vipya alichukue hilo. Anayetaka kuendesha daraja la kupanda na kushuka atosheke na la 25, ilimradi aulizie diski iliyotumika, aijaribu palepale dukani kabla ya kulipa, na awe na daftari.