Kadi 300 za maswali ya maarifa: miezi saba ya kucheza kwenye lupango letu (ua wa nyumba), Lubumbashi

Sanduku hili nililinunua mwezi wa nane kwa mchuuzi wa madaftari na vitabu, kwa pesa ambazo siku ile zingetosha mfuko mmoja wa makala, yaani makaa ya kupikia. Mimi ni fundi wa kushona, naishi Katuba na watoto wangu wanne pamoja na mpwa wangu anayesoma sekondari. Nilitafuta kitu cha kuwakusanya jioni umeme unapokatika, kisichotaka simu wala mega za intaneti.

Ndani mna kadi 300 za rangi nne: historia, sayansi, jiografia, utamaduni. Swali liko mbele, jibu liko nyuma. Kuna pia kisaa cha mchanga, ambacho mchanga wake uliganda mvua zilipoanza, na sanduku lenyewe limepasuka pembe mbili. Hayo sikuyajali sana. Tunahesabu vidole badala ya kisaa, na kadi nimezishonea kifuko cha kitenge.

Kilichonifurahisha kwanza ni lugha. Watoto wangu wanasoma kwa Kifaransa, na Kiswahili cha nyumbani ni hiki chetu cha Katanga. Kadi zimeandikwa kwa Kiswahili cha vitabuni. Wiki ya kwanza waliniuliza sayari ni nini, mhimili ni nini, na mengine nilikwenda kuyauliza kwanza. Sasa binti yangu wa miaka tisa anaosha sahani huku akimweleza mdogo wake kwamba usiku na mchana vinatokana na dunia kuzunguka kwenye mhimili wake. Sikuwahi kusikia somo la sayansi likisemwa hivyo nyumbani kwangu, kwa lugha ileile tunayoombea chumvi. Kwa hilo peke yake pesa yangu ilirudi.

Yule mdogo, wa miaka sita, aliulizwa mji mkuu wa Kenya. Akajibu palepale: "Kenya haina mji mkuu, iko na soko!" Kwake Kenya ni komini, yaani wilaya, ya hapa mjini kwetu. Tulimpa pointi, halafu tukatafuta Nairobi kwenye ramani ya yaya yake, yaani dada yake mkubwa.

Sasa nije kwenye shaba, maana hapo ndipo nilipokasirika na ndipo tulipofaidi kuliko mahali pengine pote.

Kadi moja ya sayansi inauliza: Cu ni alama ya elementi gani? Nyuma: shaba. Sawa kabisa. Kama wiki moja baadaye ikatoka kadi nyingine: Shaba hutengenezwa kwa kuchanganya metali zipi mbili? Nyuma: shaba nyekundu na bati. Mpwa wangu akaitafuta ile ya kwanza, akaziweka zote mbili sambamba chini ya taa ya sola. "Mama mudogo," akasema, "kama shaba ni elementi, namba 29, haiwezi kuwa mchanganyiko. Karte moja hapa inasema bongo." Bongo kwetu ni uongo.

Aliyetunga maswali nadhani hakukusudia kudanganya. Kiswahili kinatumia neno moja kwa vitu viwili. Ile medali ya mshindi wa tatu tunaiita ya shaba, na kumbe ni metali ya kuchanganya, shaba nyekundu na bati, ambayo Kifaransa cha shule kinaiita bronze na kuitenga na cuivre. Lakini mtu anayeuza maarifa lazima achague. Angeandika bronzi upande mmoja, au shaba nyekundu pande zote, na mtoto asingepotea. Mji mwingine labda kosa hilo lingepita. Hapa halipiti. Sisi nyumbani tunaiita mukuba, na mkoa mzima uliitwa Shaba tangu enzi za Mobutu hadi 1997.

Jirani yetu, mzee ambaye watoto humwita nkambo, yaani babu, alikuwa ameketi na kikombe chake cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, akisikiliza. Amefanya kazi miaka mingi kwenye matanuri ya kuyeyusha shaba. Hakusema neno. Aliinuka, akaingia kwake, akarudi na kitu kilichofungwa kitambaa. Ulikuwa msalaba mdogo wa shaba, upana wake kama kiganja changu, mkono mmoja mnene kidogo kuliko mingine, upande mmoja umekwaruza kama ardhi uliyomiminiwa, na kwenye pembe za ndani umeota kijani. Akamkabidhi yule mdogo aushike. Mtoto hakutegemea uzito ule; mikono yote miwili ilishuka hadi magotini.

"Hii ni mukuba tupu," mzee akasema. "Bati haimo."

Akatueleza jinsi mababu wa Katanga walivyofanya kazi hiyo kabla Wazungu hawajafika. Waliokota malakite, lile jiwe la kijani, wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakapanga jiwe na makala, wakavuta mivukuto mpaka shaba ikatiririka, kisha wakaimimina kwenye kalibu ya umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa pesa, watu walinunulia vitu na kulipia mahari. Mpwa wangu akaongeza la darasani: makala hayatoi joto tu, yanaiondolea jiwe oksijeni yake ili metali ibaki. Nimenunua makala maisha yangu yote na sikulijua hilo. Kisha akagusa ule ukungu wa kijani pembeni, akasema shaba ikikaa sana na hewa na unyevu, huvaa ngozi ya aina ileile ya malakite. Yaani inarudi polepole kuwa jiwe ilikotoka. Mzee alimtazama kwa muda mrefu, halafu akamwambia, "Rudia, mwanangu." Akarudia.

Kadi ile mbovu ndiyo iliyotuletea jioni hiyo, nakubali. Lakini kama mzee asingekuwepo, watoto wangu wangelala na jibu la uongo.

Kosa jingine ni la umri. Sanduku liliuzwa kama jipya, likiwa bado na karatasi yake ya nailoni. Kadi ya jiografia inasema nchi kubwa kuliko zote Afrika ni Sudani. Ilikuwa hivyo hadi 9 Julai 2011, Sudani Kusini ilipojitenga. Tangu siku hiyo ya kwanza ni Aljeria, yenye kilomita za mraba 2,381,741, na Kongo yetu inaifuata kwa karibu, 2,344,858. Mpwa wangu alilishughulikia jambo hili kama mpelelezi. Kadi nyingine inasema sayari ni 8, kwa hiyo mtungaji alijua kwamba Pluto iliondolewa kwenye orodha mwaka 2006. Na ipo kadi inayouliza klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Hapo lupango zima liliruka kabla swali halijaisha: TP Mazembe, klabu ya mji wetu, Desemba 2010, baada ya kuifunga Internacional ya Brazil 2-0, ingawa Inter Milan walitulaza 3-0 fainalini. Yule mdogo akajitupa chini na kurukaruka kwa makalio kama Kidiaba, kipa wa Mazembe, alivyoshangilia mabao, na wakati ule hata hakuwa amezaliwa. Basi, kwa hesabu ya mpwa wangu, maswali haya yaliandikwa kati ya Desemba 2010 na Julai 2011. Anayeyachapisha leo angeyapitia kwanza, au angeandika mwaka kwenye sanduku.

Upungufu unaoniuma zaidi ni kwamba jibu halina sababu. Mto gani mkubwa unavuka ikweta mara mbili? Kongo. Basi, imekwisha. Sentensi moja tu ingetosha kumwambia mtoto kwamba kwa kuwa mto unakusanya maji kaskazini na kusini mwa ikweta, mvua ikikatika upande huu inanyesha upande ule, ndiyo maana maji yake hayapungui sana mwaka mzima. Nafasi nyuma ya kadi ipo, nimeipima kwa futi yangu ya kushonea: robo tatu ni tupu.

Tumeanza kuijaza. Binti yangu ana mwandiko mdogo, yeye ndiye karani. Kwenye Sudani amekata kwa kalamu ya risasi na kuandika Aljeria. Kwenye ile ya pili ya shaba ameandika bronzi.

Ningelinunua tena? Ndiyo, kwa nusu ya bei ile. Natoa nyota tatu kati ya tano, na ya nne naiweka kando siku waliolitengeneza watakapotoa chapa iliyosahihishwa. Mwenye watoto wanaosoma Kifaransa na kuongea Kiswahili asisite, ila asicheze bila mtu mzima pembeni, na akimpata mzee wa kazi za madini amwite.

Kadi ya historia inauliza bomu la Hiroshima lilianguka tarehe gani. 6 Agosti 1945, sahihi. Jumapili iliyopita tulikata boksi la sabuni, tukatengeneza kadi yetu, namba 301: Uraniamu ya bomu lile, sehemu yake kubwa ilichimbwa wapi? Nyuma karani ameandika: Shinkolobwe, karibu na Likasi, kwetu Katanga. Tani zaidi ya 1,000 za mawe yake zilikuwa zimekwisha kufika New York tangu 1940. Mzee ameomba kadi hiyo abaki nayo siku mbili, awasomee wajukuu zake.