Kadi ya SCSI ya Adaptec 2940UW kwenye Linux: uzoefu wangu

Mjomba wangu alikuwa akirekodi maulidi na harusi hapa Ngamiani, Tanga, mwishoni mwa miaka ya 90. Kompyuta yake ilishakufa, lakini diski aliichomoa, akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka kabatini. Mwezi uliopita akanipa mkononi: "Mpwa wangu, humu mna sauti ya bibi yako. Nitolee."

Nilipoigeuza nikaona pini 68. Ni SCSI, njia ya zamani ya kuunganisha diski na kompyuta, haiingii kwenye kompyuta yoyote ya siku hizi. Nikaanza kutafuta kadi, nikapata Adaptec AHA-2940UW, mtumba, kwa shilingi 35,000. Ni kadi ya PCI, kwa hiyo kabla hujatoa pesa fungua mashine yako uangalie kama ina tundu la PCI lile la zamani. PCI Express haifai. Mimi nilitumia Core 2 Duo ya mezani iliyokuwa imekaa tu nyumbani.

Hewa yetu ya chumvi haina huruma na vyuma. Meno ya shaba ya kadi yalikuwa yameshikwa na weusi. Nikayasugua taratibu kwa raba ya kufutia penseli, nikapangusa kwa spiriti, nikaacha ikauke kabisa ndipo nikaichomeka.

Upande wa Linux ndio ulionifurahisha kuliko vyote. Nimeweka Debian 12, toleo moja la Linux, sikutafuta CD wala kupakua kitu. Niliandika lspci, amri inayoorodhesha kadi zilizochomekwa, kadi ikajitaja kwa jina la chipu yake, AIC-7881U. Draiva yake inaitwa aic7xxx na imo ndani ya kerneli, kiini cha Linux, ikapanda yenyewe. Kadi ya miaka ya 90, na bado kuna watu wanaitunza draiva yake! Nawashukuru kwa dhati.

Ila diski haikuonekana. Kila nikiwasha, dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli) inajaa ujumbe wa kadi kujaribu, kukata tamaa na kuanza upya, mara diski inatajwa, mara inapotea. Siku mbili nzima nikidhani diski imekufa, na nilikuwa najiuliza nitamwambia nini mjomba.

Tatizo lilikuwa kwenye waya. Mnyororo wa SCSI lazima ufungwe ncha zote mbili kwa temineta, kidude kinachomeza mawimbi ya umeme yasirudi nyuma na kuvuruga data. Ncha ya kwanza inafungwa na kadi yenyewe. Ncha ya pili ilikuwa wazi: muuzaji alinipa waya mtupu, na kwenye diski jampa (kifuniko kidogo cha kuunganisha pini mbili) ya pini zilizoandikwa TE, inayowasha temineta ya diski yenyewe, ilikuwa imeng'olewa. Nikachukua jampa kwenye diski nyingine mbovu, nikaichomeka kwenye TE, nikahakikisha diski iko kwenye tundu la mwisho kabisa la waya bila mkia kuning'inia. Nikawasha. Nikasikia diski ikianza kuzunguka, mlio mwembamba unaopanda polepole kisha ukatulia, na dmesg ikaandika jina lake bila kusitasita. Kama na yako inagoma, anza hapo kabla hujailaumu kadi.

Namba za SCSI (ID), zinazotofautisha kila kifaa kwenye waya, nazo ziangalie. Kadi hukaa kwenye 7, basi diski usiipe 7. Yangu ilikuwa kwenye 0. Ukitaka kupunguza kasi kwa sababu waya ni mchovu, bonyeza Ctrl na A mashine inapowaka, utaingia kwenye mipangilio ya kadi. Niliishusha kutoka MB 40 kwa sekunde hadi 20, maana diski ya umri huu haifiki huko, na waya ulitulia zaidi.

Sikuifungua diski moja kwa moja. Kwanza niliinakili yote kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zenye hitilafu, ili nifanye kazi juu ya nakala na diski ipumzike. Ni GB 4.3, imegawanywa vipande vitatu kwa sababu FAT16, mfumo wa kupanga mafaili wa wakati ule, haikuruhusu kipande kuzidi GB 2. Ndani mna mafaili ya WAV, na kwa kuwa dakika moja ya sauti ya ubora wa CD hula kama MB 10, mjomba alikuwa akirekodi kwa kubana nafasi sana.

Kadi naipa nyota nne kati ya tano. Moja naipunguza kwa ajili ya PCI, maana mashine zenye tundu hilo zinazidi kupungua mitaani. Muuzaji wa waya simpi hata moja. Mtu akiuliza vifaa vya SCSI, mpe na temineta au mwambie kwamba haipo.

Vipande viwili vimesomeka vyote. Cha tatu kina sehemu chache ambazo ddrescue bado inazirudia. Sauti ya bibi ilikuwa kwenye cha pili, akiitikia kasida nyuma ya wanawake wenzake, na mjomba aliitambua kabla sijamwambia ni faili gani.