Miezi saba na programu ya kunukuu sauti: Kifaransa sawa, Kiswahili chetu bado

Kazi yangu ni kusikiliza sauti za watu na kuziandika. Nimeanza 2014, hapa hapa Lubumbashi, Kongo, nikifanyia nyumbani Kenya (komine yetu, yaani sehemu ya jiji, si nchi). Wateja ni watafiti, wanafunzi wanaoandika tasnifu na watu wa miradi wanaokwenda kuhoji wachimbaji kule Likasi na Kolwezi. Wananitumia rikodi, nawarudishia maandishi neno kwa neno. Saa moja ya sauti hunila saa tano za kukaa, na zaidi kama mvua ilikuwa inapiga mabati.

Mwaka jana mteja wangu mmoja wa siku nyingi alinipigia simu. "Yaya (kwetu ni kaka au dada mkubwa), siku hizi kuna mashine. Wewe utakuwa unasahihisha tu." Bei ikashuka palepale kwenye simu: kutoka dola 30 kwa saa ya sauti hadi dola 12. Nikaona basi, kama mashine ndiyo inayokula mkate wangu, afadhali niwe nayo mwenyewe. Nikalipia moja, dola 17 kwa mwezi. Jina lake silitaji, maana sitaki kuitangaza wala kuigombeza, na nilizozijaribu bure kabla yake zilikuwa na tabia zilezile.

Nianze na raha yake. Rikodi ya kwanza niliyoipa ilikuwa semina ya Kifaransa, saa mbili, ukumbi mzuri, watu wanaongea mmoja mmoja. Nikaweka maji ya chai jikoni. Chai haijapoa, maandishi yako tayari: nukta, mkato, herufi kubwa, vyote mahali pake. Ilikosea majina ya kwetu tu (Kasumbalesa iliigawa maneno matatu ya Kifaransa ambayo hayana maana yoyote). Kazi ya siku mbili niliimaliza asubuhi moja. Sitadanganya, nilifurahi, halafu nikaogopa.

Kiswahili sasa. Kwenye orodha ya lugha kimo, unakichagua kama unavyochagua Kifaransa. Ila Kiswahili inachokijua ni kile cha taarifa ya habari. Mama wa Kolwezi anayeosha mawe haongei hivyo, na mimi mwenyewe siongei hivyo nikiwa sokoni. Alisema, nami nimesikiliza mara nne kuhakikisha: "Bakubwa banakuyaka siku ya posho." Mashine ikaandika: "Wakubwa wanakula siku ya posho."

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akiisoma hiyo ataelewa nini? Kwamba wakubwa wanatafuna posho za watu. Mama hakusema hivyo hata kidogo. Kwetu kuya ni kuja, na siku ya posho ni Jumamosi tu. Wazee wanatuambia jina limetoka zamani za kampuni ya migodi, wafanyakazi walipokuwa wanagawiwa chakula cha wiki siku hiyo. Yaani mama alisema wakubwa huja Jumamosi, basi. Mashine ikamtia mdomoni shutuma ya wizi, tena kwa Kiswahili kilichonyooka, bila alama yoyote kwamba hapo ilibahatisha. Hilo ndilo linalonitisha. Msaidizi wangu wa zamani, kijana wa chuo, asiposikia vizuri alikuwa anaacha nafasi na kuandika "haisikiki". Hii haijui kuacha nafasi.

Siku nyingine za wiki ni vichekesho vilevile. Jumanne kwetu ni siku ya pili, na ukiiomba itafsiri kwa Kifaransa inakuletea "siku iliyofuata", kwa hiyo ratiba nzima ya mhojiwa inavurugika. Na hata inaposikia sawasawa, inasafisha. Batoto inakuwa watoto, banasema inakuwa wanasema, ile -aka yetu ya mazoea (kama mwishoni mwa banakuyaka) inafutwa kabisa. Kwa mtu anayetaka muhtasari si neno. Kwa mtafiti wa lugha aliyenilipa ili nimwachie kila b- na kila -aka mahali pake, ni kazi ya bure. Na mtu anayechanganya lugha, anayeanza na Kiswahili, anaingiza nusu sentensi ya Kifaransa, anamalizia na Kibemba? Huyo inamfuata hadi katikati, kisha inampoteza.

Kuna pia ukimya. Katika rikodi moja mama alinyamaza kama sekunde ishirini baada ya kuulizwa habari za mwanawe. Nilipofungua maandishi nikakuta pale pa kimya pameandikwa, kwa Kifaransa, asante kwa kutazama video hii. Nilicheka kwanza. Halafu nikamkumbuka yule mama, kicheko kikaisha. Si mimi peke yangu niliyekutana na jambo la aina hii. Mwaka 2024 watafiti huko Marekani waliichunguza Whisper, programu nyingine ya kunukuu sauti, wakakuta kwamba karibu kipande kimoja cha sauti katika kila mia kilipewa maneno ambayo hakuna aliyeyasema, na kwamba watu wanaonyamazanyamaza katika mazungumzo yao ndio wanaopatwa zaidi.

Hiyo Whisper, kwa wasioijua, kampuni ya OpenAI waliitoa bure Septemba 2022, na unaweza kuiweka kwenye kompyuta yako ukaitumia bila intaneti. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, karibu theluthi mbili zikiwa za Kiingereza, na lugha nyingine zaidi ya tisini zikagawana kilichobaki. Niliipakua, na sababu haikuwa bei. Programu ninayoilipia inataka rikodi ipandishwe kwenye mitambo yao, sijui nchi gani, ilhali karatasi ya ridhaa aliyosaini mhojiwa inasema sauti yake haitatoka nje ya timu. Rikodi za namna hiyo sizipandishi tena. Kompyuta yangu ni ya zamani, saa moja ya sauti inaihangaisha mchana kutwa huku feni inalia kama kinu cha mahindi, na umeme ukikatika ninaanza upya. Lakini sauti inabaki ndani ya nyumba.

Nikachukua saa ya ukutani, nikajipima. Kuandika saa moja ya Kiswahili cha wachimbaji kutoka mwanzo: saa 5 na dakika 10. Kusahihisha ile ya mashine: saa 4 na dakika 40, tena kichwa kimechoka zaidi, maana jicho linayaamini maandishi safi kabla sikio halijafika. Nusu saa nimeokoa. Bei nayo imekatwa zaidi ya nusu.

Nilimpelekea yule mteja karatasi moja tu: upande wa kushoto alichosema mama, upande wa kulia ilichoandika mashine. Alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza kama ripoti ya mwezi uliopita, ambayo hakunipa niisahihishe, nayo inaweza kuwa na mambo ya namna hiyo. Nikamwambia anitumie sauti. Tulikubaliana dola 28 kwa Kiswahili, na Kifaransa mimi mwenyewe nikashusha hadi 10, kwa sababu kazi hiyo kweli imekuwa nyepesi na ningeona haya kumdai zaidi.

Ukiniuliza nyota, Kifaransa nne, Kiswahili cha redio tatu, Kiswahili chetu cha huku Katanga moja, nayo ni ya huruma. Usajili nimeusimamisha hadi semina zitakaporudi. Pedali yangu ya mguu, ile ya kusimamisha na kurudisha sauti, nimeipangusa vumbi, iko chini ya meza, na rikodi za ile ripoti zimeingia jana usiku: saa kumi na moja za sauti, nyuma yake kuku na jenereta.